Mchumba Aliyekataa Supu

Siku ya soko Kithimani mbuzi hawana adabu, na wanaowauza hawana nafuu. Basi siku hiyo beberu mmoja, mwenye ndevu kama mwalimu mkuu aliyestaafu, alichomoa kamba mkononi mwa mwenyewe, akaruka magunia ya vitunguu, akashika njia kuelekea kibanda cha Kavindu, mahali nyanya zilipokuwa zimepangwa mafungu mafungu zinang'aa.

Katikati ya njia alisimama mwanaume. Si mwanaume wa kubahatisha. Mabega ya kuning'inizia makoti mawili, shati la buluu limepigwa pasi mpaka mikono, kiatu kimefutwa vumbi. Soko zima likatulia, likingoja amkamate beberu pembe. Yule bwana akaruka pembeni, akakusanya suruali kama bibi harusi anayekwepa matope. Mbuzi akapita, na nyanya nazo zikapita.

"Aiee! Wewe!" Kavindu alitoka nyuma ya meza na mikono kiunoni. "Mwanaume mzima unapisha mbuzi kama gari la gavana?"

"Alikuwa na haraka, dada. Nikaona nisimcheleweshe."

Watu wakacheka. Kavindu naye alitaka kucheka, ila alijizuia kwa sababu ya hasara. Siku hiyo alikuwa amevaa rinda la kitenge la manjano, kitambaa cha kichwa cha rangi ya papai iliyoiva, na aproni yenye mifuko mikubwa. Alikuwa na mwanya wa meno ya mbele uliowahi kuwakosesha usingizi walimu wawili na mhubiri mmoja.

Yule mwanaume akapiga magoti vumbini, shati na pasi yake yote, akaanza kuokota. Hakuokota ovyo. Aliigeuza kila nyanya, akaitazama, akaiweka na mwenzake wa kimo kimoja. Alipomaliza, mafungu yalikuwa mazuri kuliko ya mwenyewe.

"Kwani wewe ni fundi wa nyanya?" Kavindu akauliza.

"Wa mti. Nachonga kule Wamunyu. Nimeletea Mama Wagaki stuli na miko." Akaonyesha duka la upande wa pili, ambako Mama Wagaki, mfanyabiashara mnene mwenye roho safi na masikio marefu, alikuwa tayari amesimama mlangoni kusikiliza. "Naitwa Urbanus. Hizi zilizopasuka nitanunua mimi."

"Utazipeleka wapi zote?"

"Nitamwambia mama niligongwa na mbuzi."

"Lakini hukugongwa!"

"Ndiyo maana niko hai wa kununua."

Hapo mwanya ukaonekana. Na mapenzi yakianza na hasara ya nyanya, jua yatamaliza na shamba.

Tangu siku hiyo simu ya Kavindu haikupoa. Asubuhi akifungua kibanda, inalia.

"Wakya, mwendwa?" Urbanus alizoea kusema, yaani ameamkaje mpenzi wake.

"Aa," Kavindu huitikia. "Umekula?"

"Nimekula uji. Na wewe?"

"Mimi nimekula maneno ya Mama Wagaki. Anauliza harusi ni lini, ashone nguo mapema, kitambaa chake kinahitaji mita nyingi."

"Mwambie anunue leo."

"Aiee, wewe! Na hujaniuliza mimi."

"Nakuuliza kila siku. Si unasikia nikipumua?"

Kila Ijumaa alikuja Kithimani kumwona. Alimletea mwiko uliochongwa mpini kama shingo ya twiga, kisha stuli ya kukalia kibandani, laini kama shavu la mtoto. Walitembea pamoja hadi mwisho wa soko, yeye akienda polepole, hana haraka ya dunia. Kavindu aliona mambo madogo madogo. Urbanus hakuvuta sigara wala kukaa karibu na wavutao. Kwa kibanda cha nyama alisema, "Yangu usitie chumvi." Vijana walipomwita acheze mpira, alisema goti linamuuma. Wiki nyingine alisema mgongo. Kavindu akajiambia ni mwanaume wa madaha tu. Bora madaha kuliko pombe.

Maana Kavindu hakuwa msichana wa jana. Alikuwa amewarudisha wachumba kadhaa, wengine babake, Mzee Muindi, akiwa amekwisha kuwapenda ng'ombe wao. Mzee alikuwa amemwambia wazi: "Huyu wa sasa utamchagua mwenyewe. Lakini lazima mjomba wako na mimi tukule mbuzi zake kwa roho safi. Tusipokula, usiniambie umeolewa." Alimaanisha mbuzi wa ntheo, wale watatu ambao bila wao Mkamba hajaoa, amekopa tu. Na Kavindu, aliyekuwa akiringa miaka yote hiyo, sasa alikuwa anaota mbuzi usiku na mchana. Huyu ndiye aliyemtaka, na hakutaka mwingine.

Siku ya Urbanus kuja nyumbani kwao Kavindu kujulishwa, mama yake Kavindu alipika muthokoi wa mahindi na maharagwe, chapati na kuku. Nyama ya mbuzi ilikuwa kazi ya Mjomba Mbithi, kaka ya mama, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Na juu ya kila kitu kulikuwa na supu yake. Mizizi ya supu hiyo Mjomba huichimba mwenyewe milimani, hamwonyeshi mtu mahali, na huichemsha hadi iwe chungu na nyeusi. Husema supu hiyo ilimfanya aendeshe baiskeli hadi uzeeni. Kumpa mtu kikombe cha kwanza ni kumpa cheo.

Urbanus alikuja na suti ya kijivu na mamake amevaa leso mpya. Alikula chapati, akaongeza. Alikula muthokoi sahani mbili, mama wa Kavindu akamsifu machoni. Nyama alichagua steki na mafuta akayasogeza kando ya sahani, taratibu, kama mtu anayeng'oa msumari. Mjomba akaona. Kisha akamletea kikombe kwa mikono miwili.

"Kijana, hii ndiyo ya waume."

Urbanus alikitazama kikombe. Akauliza kwa upole, "Mjomba, hii ni mizizi gani?"

"Mizizi ya mlima. Kunywa."

Urbanus akaweka kiganja juu ya kikombe. "Asante sana, mjomba. Sitakunywa."

Mzee Muindi akaweka kijiko chini.

"Onja tu," Mzee Muindi akasema.

"Tumbo linanisumbua, mzee."

"Tumbo?" Mjomba akatazama zile sahani mbili za muthokoi, safi kama zimelambwa. Akakichukua kikombe, akakinywa chote mwenyewe, akajifuta mdomo. "Haya. Nimekufa?" Akajaza kingine. "Sasa kunywa."

Urbanus akatikisa kichwa. Jasho lilikuwa limemtoka usoni. Mamake alifungua mdomo aseme kitu, lakini Urbanus akamgusa mkono asiendelee.

Sasa, mahali pengine mtu akikataa supu, amekataa supu. Lakini Ukambani, mchumba akifunika kikombe kwa wakwe, ujumbe ni mmoja tu: anadhani wamemtilia kamuti, dawa ya kumfunga. Mzee Muindi, mzee wa kanisa, mwimbaji wa besi, ameambiwa nyumbani kwake kuwa anafuga uchawi!

Alisimama. "Kijana, kwangu hakuna dawa ya mtu. Wewe na mama yako, asanteni kwa kuja. Na hizo mbuzi zako, wacha zinone huko Wamunyu."

Kavindu alimsindikiza hadi langoni. Hapo langoni maneno yakamjia yote kwa pamoja.

"Ni nini, Urbanus?"

"Nitakuambia."

"Niambie sasa."

"Si hapa. Watu wanatuona."

"Watu wametuona tayari! Umemwita mjomba wangu mchawi kwa kiganja!"

"Kavindu, mwendwa—"

"Usiniite mwendwa. Enda upeleke tumbo lako."

Siku zilizofuata alimkatia kila simu. Ujumbe ukija, anausoma, anaiweka simu kifudifudi juu ya nyanya. Mama Wagaki alivuka barabara na kikombe cha chai.

"Mimi nasikia ati yule kijana ana bibi kule Wamunyu."

"Bibi na supu zinahusiana wapi, Mama Wagaki?"

"Sijui. Lakini mwanaume akianza kukataa supu..." Akashindwa kumalizia, akanywa ile chai aliyomletea Kavindu.

Kavindu akaona heri akate shauri. Akafunga kibanda mapema, akauvaa ule mwiko kiunoni kwenye mkanda wa rinda kama panga, akabeba stuli kichwani, akapanda boda boda hadi Wamunyu kurudisha mali ya watu. Njia nzima alifanya mazoezi ya matusi. Mengine yalikuwa mazuri sana, na ni hasara kwamba hayakutumika.

Karakana ilikuwa chini ya mabati marefu. Wanaume walikaa wamekunja miguu, tezo zikilia to-to-to, vifaru na tembo wakizaliwa kutoka magogo, wanawake pembeni wakisugua msasa. Urbanus hakuwa mahali pake. Alikuwa ameketi nyuma, mkono mmoja umeinuliwa juu kama mtoto anayetaka ruhusa ya mwalimu, kitambaa kimefungwa kidoleni, na kitambaa kilikuwa chekundu. Chini yake vibanzi vya mbao vimelowa damu.

Stuli ikamwanguka Kavindu kutoka kichwani. "Umejikata mkono wote?"

"Kidole tu," akasema mchongaji wa karibu, bila kuacha kazi. "Kidogo sana. Ni damu yake hiyo, haijui kunyamaza. Mkandamize, dada, mimi nimechoka."

Kavindu akaivua leso yake, akaikunja, akakandamiza. Damu ikapita. Akakandamiza tena kwa mikono yote miwili, amepiga magoti, mwiko umemchoma ubavu. Alingoja ikome kama inavyokoma ya watu. Haikukoma. Akamtazama usoni.

"Wewe ni nini, Urbanus?"

"Mgonjwa wa zamani," akasema. Kisha, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kujifichia, akaeleza.

Alikuwa mtoto mdogo, hajafika shule. Homa ilimshika, haikushuka kwa dawa yoyote. Macho mekundu, midomo imepasuka, ulimi mwekundu wenye vipele. Wengine walisema surua. Jirani akasema ametupiwa kitu. Homa ilipokwisha, ngozi ya vidole ilimbanduka kama ya viazi vya kuchemsha, na kila mtu akashukuru Mungu kwamba amepona. Baadaye sana ndipo daktari alipogundua kuwa ule ugonjwa ulikuwa umeichoma mishipa ya damu, hata ile midogo inayolisha moyo wenyewe. Mmoja ulikuwa umevimba kama fundo la muwa, na haukurudi ulivyokuwa.

"Unaitwaje?"

"Kawasaki."

Kavindu akaacha kukandamiza. "Nakuuliza mambo ya moyo unaniambia pikipiki?"

"Ni jina la daktari. Mjapani. Si pikipiki."

"Kwa hiyo pale penye fundo..."

"Damu inaweza kuganda. Kwa hiyo nakunywa dawa ya kuifanya iwe nyepesi. Kila siku. Ndiyo maana nikijikata nakaa hivi. Ndiyo maana sichezi mpira. Nikigongwa vibaya navuja damu kwa ndani."

"Na mbuzi ulimpisha..."

"Ulitaka nimkumbatie?"

"Na supu?"

"Daktari alisema mizizi na miti nisiyoijua inaweza kugombana na hiyo dawa. Damu inakuwa nyepesi kupita kiasi, ama nzito. Sikujua mjomba amechemsha nini."

Mamake Urbanus alikuwa amefika, amesimama pembeni akitarajia Kavindu alie; badala yake Kavindu akampiga Urbanus bega. La upande usio na kidole kilichokatwa.

"Ungesema! Ungesema maneno hayo hayo mbele ya mjomba!"

"Nilikuwa na msichana kabla yako. Nilimwambia. Tangu siku hiyo akawa ananitazama kama yai kwenye ukingo wa meza. Halafu akaenda. Sikutaka unitazame hivyo."

"Sikiza, Urbanus. Ulikubali ukoo wangu wote uitwe wa kamuti, kuliko wewe uitwe mgonjwa. Hiyo ndiyo imeniuma. Moyo tutaupeleka kwa daktari. Lakini hiyo utaitengeneza mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya wazee."

"Watanikataa."

"Si tayari wamekukataa? Unaogopa kukataliwa mara ngapi?"

Damu ilikuwa imekoma. Hakuna aliyeona ilikoma saa ngapi.

Siku ya kliniki Kavindu alivaa rinda jeupe la kanisani, akaenda naye Machakos mjini. Daktari wa moyo aliitwa Muringo, mama mpole mwenye miwani kwenye nywele, ambaye alizoea Urbanus kuja peke yake kama mwizi.

"Leo umekuja na askari," akasema.

"Nimekuja na maswali," Kavindu akajibu.

Daktari akayajibu. Ugonjwa wenyewe, alisema, uliisha zamani. "Lakini mahali palipoungua si kama mahali pengine. Umewahi kufukia jiko la makaa jioni? Juu jivu, chini bado pana joto. Kwa wengine waliougua hivi utotoni, joto dogo hubaki kwenye mishipa miaka mingi, linaila polepole, na husikii maumivu yoyote. Ndiyo maana tunapima damu tuone kama liko, tunaupiga moyo picha, na tunamwambia asivute sigara, apunguze chumvi na mafuta, atembee, asiache dawa. Sigara na mafuta ni kupulizia makaa."

"Na mwaka huu?"

"Damu imetulia. Lile fundo halijakua." Daktari akamgeukia Urbanus. "Umefanya vizuri."

"Ataishi?"

"Siwezi kukuapia, mama. Hatari iko, na sitakuficha. Lakini watu kama yeye wanaofuatiliwa vizuri wanafanya kazi, wanaoa, wanazeeka."

"Watoto je? Watarithi?"

"Nafasi ni ndogo sana. Na hauambukizi."

Kavindu akatazama dari, akatazama viatu vyake, akashusha sauti, ingawa haikushuka sana. "Na yale mambo ya watu waliooana, daktari? Moyo utahimili?"

Urbanus akajifunika uso kwa mkono wenye plasta. Daktari Muringo akavua miwani kutoka nywele, akaivaa puani ili amwone vizuri.

"Akiweza kupanda ngazi za hospitali hii bila kuhema, atahimili."

"Amepanda," Kavindu akasema. "Nilikuwa nyuma yake, nilikuwa naangalia."

Mzee Muindi alikubali kuwasikiliza kwa sababu moja tu: Urbanus alituma salamu kwamba analeta mbuzi wa kuomba msamaha, na Mjomba Mbithi hajawahi kumkataa mbuzi anayekuja kwa miguu yake. Lakini wale watatu wa ntheo nao waliletwa, wakafungwa nje ya lango, wasubiri kuitwa au kurudishwa.

Urbanus alisimama katikati ya wazee kwa suti ile ile ya kijivu. Akasema yote: homa, ngozi ya vidole, fundo, dawa, makaa chini ya jivu. Akasema aliogopa kuonekana nusu mtu, akadanganya kuhusu tumbo, na uongo huo ukaangukia jina la nyumba hii. "Mzee, mjomba, hamkunitilia kitu. Mimi ndiye nilijitilia uoga. Nisameheni."

Mjomba Mbithi alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua, sauti yake ndefu ilikuwa imekuwa fupi.

"Kwa hiyo ile supu ingekudhuru?"

"Ingeweza, mjomba."

"Na mimi nikakulazimisha. Kikombe cha pili!" Akajipiga paja. "Ungeanguka hapa, wangesema Mbithi ameua mkwe kwa kamuti. Hata kanisani ningeingilia mlango wa nyuma!" Akacheka, kisha akajipangusa macho, na wenye adabu wakatazama kando. "Kijana, siku nyingine nikikupa kitu nikifoka, nifokee. Na ile supu usijali. Yako nitakuwa nakunywa mimi."

Mzee Muindi hakucheka. Alimwita Kavindu pembeni, nyuma ya ghala la mahindi.

"Mwanangu. Huyu anaweza kukuacha mjane ungali kijana. Umefikiri?"

"Nimefikiri, baba. Nimeogopa pia. Nikiona simu yake haijibu, napiga tena na tena. Lakini nilipokuwa nimemkatia simu mimi mwenyewe, akiwa mzima kule Wamunyu, nilikuwa mjane tayari. Niliuonja. Sitaki tena kabla ya wakati wake."

Mzee akamshika kichwa, mahali kitambaa cha rangi ya papai kilipofungwa, kama alivyozoea kumshika alipokuwa mdogo. Wakarudi.

Ikabaki jambo moja, na hilo halifanywi na mtu mwingine ila msichana mwenyewe. Wazee waliketi, akina mama wakajaa mlangoni, Mama Wagaki mbele yao katika nguo ya mita nyingi. Mzee Muindi akakohoa kwa besi.

"Kavindu. Umesikia ya huyu mtu, mazuri na mabaya. Hizi mbuzi zake, tukule ama turudishe?"

Kavindu alinyoosha rinda lake, akatoa unyuzi usiokuwepo begani, akatazama mawingu kama mtu anayepanga lini aanike nguo. Urbanus alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote. Mamake akamnong'oneza Kavindu kwa macho: mwanangu, moyo wake! Lakini Kavindu alikuwa ameongea na daktari, alijua ule moyo unahimili nini, na alikuwa anadai fidia ya siku zote alizoteseka tangu pale langoni.

Nje kukatoka moshi, na harufu tamu ya mafuta yanayodondokea moto. Mjomba Mbithi, asiyejua kungoja, alikuwa amekwisha kutoka na kisu hadi kwa wale mbuzi watatu wa langoni.

"Baba," Kavindu akasema, "unaniuliza na mmoja amekwisha kuwa nyama?"

Vigelegele vikapaa hadi barabarani. Urbanus akaachia kiti, akacheka, akaanza kulia, akashindwa kuchagua. Kavindu alikuwa tayari anaelekea motoni, amekunja mikono ya rinda, akiwapangua wajomba kwa viwiko.

"Hebu pisheni! Ile steki isiyo na mafuta mnipe mimi. Na chumvi msiguse. Niko na mtu wangu wa kulisha."